Buibui Aliyeitwa Shangazi

Mtaani walimwita Bi Macho, na si kwa sababu macho yake yalikuwa makubwa. Alikuwa fundi miwani. Alifanya kazi chumba cha nyuma cha duka moja la miwani, chumba chenye dirisha refu na mashine ya kusagia lenzi iliyomwagiwa maji mchana kutwa, shiii, kama mvua iliyokataa kukoma. Mbele ya duka wateja waliketi wakisomeshwa herufi ukutani. Nyuma aliketi yeye, vidole vimepauka kwa unga wa vioo, akisaga, akipima, akiinua lenzi kwenye mwanga wa dirisha na kuutazama ulimwengu ukipinda na kunyooka. Kazi ile ilimfanya awe kama mtu aliyelala macho wazi. Ukimwita, ilibidi umwite mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza alikuwa bado yuko upande wa pili wa kioo.

Nyumbani aliishi na mama yake, ghorofa ya juu kabisa, vyumba viwili na roshani nyembamba ya kuanikia nguo. Mama alikuwa mtu wa maneno mengi na macho machache. Ukungu ulimwingia machoni polepole, mwaka baada ya mwaka, ukungu wa aina ambayo hakuna miwani inayouondoa. Sasa aliona mwanga na vivuli, basi.

"Mganga hajigangi," alizoea kuwaambia wageni, "na fundi miwani hampi mama yake macho. Msishangae."

Kulikuwa na mtoto mwingine mmoja, kitinda mimba, aliyefunga taa za majukwaani na kuzunguka mijini na vikundi vya wanamuziki. Huyo ndiye aliyeleta mambo yote haya. Siku moja alipanda ngazi akihema, amebeba kasha la kioo lililofunikwa taulo.

"Mama, nimewaletea buibui."

"La rangi gani?" Mama akauliza, uso umechangamka.

"Jeusi. Lina manyoya."

"Manyoya? Siku hizi wanashona buibui na manyoya? Ebu nilishike."

"Usimshike, Mama! Si la kuvaa. Ni buibui mwenyewe. Yule mkubwa wa nchi za mbali, tarantula."

Bi Macho alipoondoa taulo alirudi nyuma hatua moja, kisha akasogea mbele mbili. Mle ndani, juu ya udongo mlaini, alikaa kiumbe wa ukubwa wa kiganja, ametulia kama jiwe lililovikwa bushuti, na mgongoni manyoya marefu ya rangi ya kutu. Hakukimbia. Hakufanya lolote. Mdogo wake alieleza kwamba yeye anasafiri na kikundi kipya, kwamba ni kwa muda mfupi tu, kwamba mnyama huyu hahitaji mambo mengi: maji kwenye kifuniko cha chupa, mende au nyenje mmoja mara moja moja, na mtu asimpulizie wala kumchokoza, maana akikasirika huchambua manyoya ya tumboni kwa mguu na kuyarusha hewani, nayo huwasha kuliko upupu.

"Aliyeniuzia alisema ni jike," akamalizia. "Majike huishi miaka mingi sana. Ishirini, na zaidi."

"Anafanya nini sasa hivi?" Mama akauliza.

"Amekaa kwenye kona, Mama. Anatusikiliza."

"Haongei?"

"Haongei."

"Anakaa kwenye kona, haongei, anasikia kila kitu, na hakuna anayejua anafikiri nini." Mama akatikisa kichwa. "Huyo ni shangazi yenu mtupu. Ndugu ya baba yenu alikuwa hivyo hivyo, mpaka na manyoya ya miguuni."

Basi jina likawa hilo. Mdogo mtu akaenda zake, muda mfupi ukawa mrefu, akapata mchumba huko huko alikokuwa, na kasha la kioo likabaki juu ya meza ya pembeni, kati ya redio ya Mama na kiti cha Bi Macho.

Mtu hujizoeza chochote. Jioni Bi Macho akirudi alifungua mlango na kusema, "Mama, nimerudi. Shangazi, nimerudi," bila kuona ajabu. Mama akisikiliza taarifa ya habari alimgeukia Shangazi na kumuuliza maoni yake. Wakati mwingine, jua la alasiri likiingia kwa mshazari kupitia roshani, Bi Macho aliketi na kahawa yake akamtazama Shangazi akitembea, mguu mmoja ukigusa ardhi, kisha mwingine, kila mmoja ukifikiri peke yake, kama vidole vya mtu anayepapasa shuka usingizini. Mawazo yake yalitulia. Alihisi kwamba chumba kizima kinapumua taratibu.

Na kulikuwa na jambo ambalo hakumwambia mtu. Mama alikuwa mzee. Bi Macho hakuolewa. Mchumba aliyekuwapo zamani alikwenda kutafuta maisha, akayapata, akasahau njia ya kurudi. Akitazama mbele aliona siku ambayo angefungua mlango ule na kusema "nimerudi," na kiti cha kando ya redio kiko wazi. Hapo ndipo ile miaka ishirini ilipomjia. Angalau kutakuwa na nafsi moja ndani, alijiambia. Angalau mtu wa kumsalimia.

Majira ya baridi yalipoanza, Shangazi aliacha kula. Mende aliyewekewa alizunguka kasha zima, akapanda juu ya mguu wake, akashuka, naye hakutikisika. Bi Macho akamtoa mende. Sehemu ya tumbo iliyokuwa na kipara kwa kuchambuliwa manyoya ikaiva, ikawa nyeusi kama ngozi ya zambarau. Kisha Shangazi akaanza kufuma. Alitandika utando mweupe chini, tabaka juu ya tabaka, mpaka ikawa kama mkeka mdogo wa hariri.

"Anatandika," Bi Macho akamwambia mama yake.

"Labda anategemea mgeni," Mama akasema.

Mchana mmoja Bi Macho alirudi kumpikia mama yake chakula, kama alivyozoea. Aliweka mfuko wa mboga mezani, akainama kusalimia, na sauti ikamkatika. Shangazi alikuwa chali, tumbo juu, miguu yote minane imeinuka na kujikunja kidogo, kama mkono wa mtu aliyekuwa anaomba kitu akakata tamaa.

"Kuna nini?" Mama akauliza.

"Shangazi amekufa."

Mama akazima redio. Halafu Bi Macho akachukua simu akampigia mdogo wake, si kwa kumlaumu, ila mwenye mali lazima aambiwe. Huko aliko kulikuwa na kelele za nyundo na watu wakipandisha taa.

"Amelala chali?" mdogo wake akapaza sauti. "Juu ya utando? Dada, usimguse! Hajafa huyo. Anajivua ngozi. Buibui akifa hukunja miguu chini yake, halali chali. Usimguse, usimpulizie, usiligonge kasha. Mwache tu, uangalie."

Hakurudi kazini mchana ule. Alisogeza kiti karibu na kioo, na kwa kuwa Mama hakuweza kuona, akawa anamsimulia kwa sauti ya chini, kama mtu anayesoma hadithi kando ya kitanda.

"Kifua kimepasuka ubavuni, Mama. Kinafunguka kama kifuniko cha sufuria. Ndani kuna mwingine."

"Mwingine yupi?"

"Yeye mwenyewe. Lakini mpya. Anatoka. Anavuta miguu, yote kwa pamoja, kama mtu anayevua soksi ndefu."

"Nane?"

"Nane, Mama."

"Maskini. Mimi mbili tu hunimaliza."

Jua lilihama kutoka mezani likaenda sakafuni, likaanza kupanda ukuta. Mashine ya lenzi ilikuwa bado inalia shiii ndani ya masikio yake, ingawa ilikuwa mbali. Miguu ilitoka polepole, mirefu, myevunyevu, ya kijivu iliyofifia, na kila kiungo kiliposhuka kutoka kwenye ala yake Bi Macho alijikuta na yeye anavuta pumzi. Mahali fulani katikati ya kazi ile alisinzia. Aliota mji wote umesimama milangoni, watu wanachomoa mikono yao kutoka ndani ya mikono yao na kutundika ngozi zao za zamani kwenye kamba za nguo, zinapepea, nyepesi, hazina uzito wa kitu, na hakuna aliyekuwa na haraka. Alipofumbua macho, katika kasha kulikuwa na buibui wawili. Mmoja alikuwa mtupu, amebonyea. Mwingine alikuwa amelala ubavu, amechoka kama mzazi.

"Ametoka," akasema.

"Nilijua," Mama akajibu. "Umekoroma kwa raha."

Mdogo mtu alikuwa ameonya: asipewe chakula kwanza. Mwili wa buibui aliyetoka kujivua ni laini kama ute wa yai, hata nyenje mdogo anaweza kumtafuna. Subiri meno yake. Yakitoka huwa meupe, kisha mekundu, na yakishakuwa meusi kabisa ndipo yamekomaa. Basi Bi Macho akajaza maji kwenye kifuniko, akalowanisha kona moja ya udongo, akasubiri. Kila jioni aliinama na tochi ndogo ya kazini kuangalia rangi ya meno, na Mama akauliza, "Yameiva?" kama anayeuliza habari ya ndizi.

Yakaiva. Lakini Shangazi aliyesimama kwa miguu yake mipya hakuwa Shangazi waliyemzoea. Yule wa zamani alikuwa mnene, mfupi, mzito. Huyu alikuwa na tumbo dogo, miguu mirefu iliyopitiliza, mwili mweusi wa mahameli na manyoya ya mgongoni yaliyong'aa kama shaba. Alipowekewa mende alimgusa, akamruka, akaenda zake.

"Amekonda, Mama. Naogopa ni mgonjwa."

Ngozi iliyovuliwa alikuwa ameitoa kwa kibano na kuihifadhi kwenye kisahani. Jumapili moja asubuhi aliilowesha kwenye maji ya uvuguvugu yenye tone la sabuni mpaka ikalainika, akaitandaza juu ya karatasi nyeupe, akavaa jichoni ile lenzi yake ya kukuzia ambayo kwayo huona mikwaruzo isiyoonekana. Hakujua anatafuta nini. Aliona viguu viwili vifupi vya mbele, vile ambavyo buibui hupapasia chakula, na ncha zake zilikuwa za kawaida, nyembamba. Kisha akahamia kwenye kioo na kumwangalia mwenye ngozi. Viguu vile vile, lakini sasa ncha zake zilikuwa zimevimba na kuwa mviringo, kama bondia aliyevaa glavu. Na chini ya miguu ya mbele, penye goti, palikuwa na vindoano viwili vyeusi ambavyo kwenye ngozi ya zamani havikuwepo kabisa.

Akapiga picha, akamtumia mdogo wake. Jibu halikutoka kwake. Ilipiga namba ngeni, na sauti ya mwanamume, nzito, ya upole, ikasema yeye ni fundi friji, rafiki wa mdogo wake, watu humwita Barafu, na kwamba anafuga jike la aina hiyo hiyo mji huu huu, ng'ambo ya reli.

"Nimeziona picha, dada. Nikwambie ukweli?"

"Niambie."

"Huyo si jike. Hizo glavu ni za dume aliyekomaa. Na hivyo vindoano ni vya kuzuia meno ya jike wakikutana, asije akang'atwa. Ngozi aliyovua ni ya mwisho. Dume akishafika hapo, havui tena."

Bi Macho aliweka simu mezani ili mama yake asikie pia. Midomo ikamcheza Mama.

"Unasema," akasema hatimaye, "Shangazi ni mjomba?"

"Ndiyo, mama yangu," simu ikajibu.

Mama akacheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, mpaka machozi yakamtoka kwenye yale macho yasiyoona. "Maskini wee! Muda wote tunamwita shangazi naye anavumilia! Ndiyo maana hakusema neno. Mtu atasema nini?" Akaligeukia kasha. "Tuwie radhi, baba. Jina tulikosea, ila salamu tulikupa sawa."

Bi Macho alicheka pia, kwa sababu mama yake akicheka haikuwezekana kunyamaza. Kisha akauliza lile swali.

"Na dume huishi miaka mingapi?"

"Akishakomaa, dada, si miaka. Ni miezi. Mwaka, akibahatika. Hula kidogo sana. Anachotaka ni kutembea tu."

Siku zilizofuata duka la miwani lilikuwa na kazi nyingi, nazo zikamsitiri. Alisaga lenzi za watu waliotaka kusoma, watu waliotaka kuendesha gari, watu waliotaka kuziona nyuso za wajukuu. Alipoinua kioo kwenye dirisha aliona mti wa nje ukiwa karibu, kisha mbali, kisha karibu. Ile miaka ishirini aliyojiwekea ilikuwa imemponyoka kama maji ya mashine. Haikuwahi kuwa yake, alijua hilo. Lakini alikuwa ameshaizoea, na kitu ulichokizoea kikikutoka huacha shimo hata kama hakikuwa chako.

Mama hakuambiwa kilichomsumbua binti yake, lakini Mama hakuwa mjinga. "Unatembea kama mtu aliyebeba yai," alimwambia.

Wakati ule ule Shangazi (jina lilibaki, Mama alijaribu kumwita Mjomba lakini ulimi ulirudi kule kule) alianza kuhangaika. Hakukaa kwenye kona tena. Alizunguka kasha, akapanda kioo, akasukuma kifuniko kwa miguu ya mbele, mpaka Bi Macho akakiwekea kamusi juu yake. Alifuma kitambaa kidogo cha utando, akajilaza chini yake chali, akafanya kazi fulani ya siri, akakichana. Kisha alasiri moja, redio ikiwa imezimwa, Mama akainua kidole.

"Nani anagonga?"

"Hakuna anayegonga, Mama."

"Sikiliza."

Bi Macho akasikiliza. Hakusikia kitu. Akaenda akaweka sikio karibu na kioo, na hapo akasikia: tap-tap-tap, kimya, tap-tap-tap. Laini kama tone linalodondoka chumba cha tatu. Shangazi alikuwa amesimama, anapiga udongo kwa zile glavu zake, anangoja, anapiga tena.

"Anapiga hodi," Mama akasema.

Aliipiga kila alasiri. Mama aliacha kusikiliza tamthilia za redio ili amsikilize yeye. Na kila mara tap-tap ilipotulia, Mama alitega sikio, kana kwamba yeye pia anangoja jibu kutoka ndani ya nyumba asiyoiona. Mwishowe hakustahimili.

"Mpigie yule wa mafriji. Si alisema ana jike?"

"Mama, nimeshamuuliza. Jike anaweza kumla."

"Anaweza. Si lazima."

"Ni mkubwa kuliko yeye. Akikosea hatua moja, amekwisha."

"Na humu ndani haliwi? Analiwa na siku, moja moja, huku anapiga hodi kwenye nyumba isiyo na mtu." Mama akapapasa mpaka akaupata mkono wa binti yake. "Mwanangu, unamweka kwa ajili yake au kwa ajili yako?"

Bi Macho aliuacha mkono wake pale kwa muda. Alikwenda roshani akaanua nguo ambazo zilikuwa bado mbichi, akazianika tena. Kisha akampigia Barafu.

Karakana ya Barafu ilikuwa banda refu nyuma ya stesheni ya mizigo. Mafriji yalisimama kwa safu, milango wazi, meupe, yamenyamaza, na kati yake mtu alipita kama anayepita kwenye ukumbi wenye vyumba vingi visivyo na wenyewe. Barafu mwenyewe alikuwa mwembamba, mvi kidogo, vidole vyeusi kwa mafuta, na alikuwa na tabia ya kujifuta mikono kabla ya kila sentensi.

"Karibuni, karibuni. Mama, pole na safari. Kaa hapa, kiti hiki hakiyumbi." Akawapeleka mwisho wa banda, penye friji la zamani la soda, lile la mlango wa kioo. Alikuwa ameling'oa mashine, akalilaza, akalijaza udongo, akaliwekea taa ndogo. Ndani yake kulikuwa na shimo, na mdomoni mwa shimo nyuzi za utando zilizosambaa kama miale.

"Yumo ndani. Namwita Bosi."

"Kwa nini Bosi?" Mama akauliza.

"Nikifungua mlango, mimi ndiye ninayeogopa."

Barafu alikuwa amemlisha Bosi kwa siku kadhaa mfululizo, ashibe, asiwe na tamaa. Aliandaa kipande cha kadibodi cha kuwatenganisha mambo yakiharibika. Akaanza kueleza habari ya kile kitambaa alichofuma Shangazi nyumbani, kwamba dume kabla ya kwenda kwa jike lazima, yaani, lazima ajiandae, yaani, kuna mzigo ambao huupakia kwenye zile glavu, akasita, akajifuta mikono.

"Sema tu, baba," Mama akasema. "Mimi nimezaa."

Bi Macho akalaza kopo walilombebea Shangazi ndani ya kasha la Bosi na kufungua kifuniko. Shangazi akatoka mguu kwa mguu. Alipogusa uzi wa kwanza wa utando ule, mwili wote ukamtetemeka. Akasimama. Akapiga: tap-tap-tap.

Kimya. Nje gari la moshi lilipita mbali, kisha likaisha.

Tap-tap-tap.

Bi Macho alishika ukingo wa friji kwa mikono yote miwili. Barafu alishika kadibodi. Hakuna aliyesikia kitu.

"Amejibu," Mama akasema.

"Wapi, Mama?"

"Chini kule. Mzito kidogo. Amesema karibu."

Na kweli, sasa nao waliuona udongo wa mdomoni mwa shimo ukitikisika punje kwa punje. Bosi akatokea. Alikuwa mkubwa, mnene, mtulivu, sawasawa na alivyokuwa Shangazi siku za nyuma, hata Bi Macho akahisi anaona picha ya zamani. Bosi akainua miguu ya mbele, akafunua meno. Shangazi hakukimbia. Aliingia moja kwa moja chini ya yale meno, akayanasa kwa vindoano vyake, akamwinua taratibu, kama mtu anayeinua pazia, na wakasimama hivyo, wamekumbatiana, kwa muda ambao hakuna aliyepumua. Bi Macho alimsimulia mama yake kwa kunong'ona, halafu akaishiwa maneno, na Mama akasema, "Basi, waache, mambo yao."

Kisha Shangazi akaachia na kurudi nyuma. Bosi akaruka. Kadibodi ikashuka katikati, tap, na ndani ya kopo Shangazi akawa amekwisha kuingia mwenyewe, mzima, miguu minane.

Barafu akakaa chini sakafuni. "Nimetengeneza mafriji ya hospitali," akasema, "sijawahi kutokwa jasho hivi."

Walikunywa chai pale pale, juu ya friji lililolazwa. Mama na Barafu waligundua kwamba wanasikiliza kipindi kile kile cha redio na kwamba wote wawili wanamchukia mtangazaji yule yule. Hawakumaliza kumsema mpaka jua likaanza kushuka.

Baada ya siku ile Shangazi aliishi miezi iliyobaki kwa utulivu. Hakugonga tena sana. Alitembea, ila kwa kupumzika. Bi Macho alimwekea nyenje wadogo, akala mmoja mmoja, kwa adabu, kama mgeni asiyetaka kumvunja moyo mwenyeji. Alipoanza kuteleza kwenye kioo, Bi Macho alikitoa kipande cha mti alichokuwa anapandia, asianguke akapasuka tumbo, akayasogeza maji karibu naye. Hayo yalikuwa matunzo yote aliyoweza kumpa, na aliyatoa bila haraka, kila jioni, akiwa amevaa koti lake la kazini lenye unga wa vioo. Aligundua kwamba hahesabu tena miaka. Alikuwa anatazama mguu mmoja tu, ule unaonyanyuka sasa.

Shangazi alikufa alasiri ya jua la rangi ya asali. Safari hii hakulala chali. Alisimama karibu na maji, akashuka chini taratibu, na miguu ikajikunja chini yake, kama mtu anayekusanya pindo za nguo zake kabla ya kukaa. Bi Macho alimwambia mama yake. Mama aliomba awekewe kiganjani, jambo ambalo hakuwahi kuliomba alipokuwa hai. Alimshika kwa muda mrefu, akampapasa kwa kidole kimoja.

"Mwepesi," akasema. "Nilidhani ni mkubwa."

Walimzika kwenye chungu cha maua cha roshani. Bi Macho alilia kidogo tu. Kesho yake alikwenda kazini, na mteja mmoja aliyechukua miwani yake mipya alisimama mlangoni akashangaa kwamba miti ina majani moja moja. Bi Macho alitoka chumba cha nyuma, kitu ambacho hakuwa na mazoea nacho, akasimama naye wakaiangalia miti pamoja.

Barafu alipiga simu mvua zilipoanza. Bosi alikuwa ametaga. Alikaa na kifuko chake cha hariri amekikumbatia wiki nyingi, akikigeuza, akikilinda, na sasa kimefunguka. Sauti yake ilitetemeka. "Njooni. Sijui nizungumze vipi. Ni kama mtu amemwaga ufuta."

Walikwenda. Katika karakana, Barafu alikuwa amevitoa vitoto vyote kwenye kasha la Bosi na kuvipanga kwenye vichupa vidogo, kila kimoja na tone la maji na kishimo cha hewa, safu kwa safu ndani ya rafu za friji lililo wazi. Bi Macho aliinama. Kila kichupa kilikuwa na doa moja lenye miguu, la rangi ya maziwa, jepesi kuliko unyoya. Vingine vilitembea. Vingine vilisimama tu vikifikiri. Alikaa pale mpaka Mama akalazimika kumwita mara mbili.

"Chukua unachotaka," Barafu akasema. "Chukua kumi."

"Mmoja anatosha," Bi Macho akasema. Hakuchagua. Alinyoosha mkono, akachukua kilichokuwa karibu.

"Na wewe, baba," Mama akamwambia Barafu, "wale wengine wote utakaa nao peke yako hapa? Jumapili njoo na viwili vitatu tuvisikilize. Kingine usibebe, chai iko."

Barafu akajifuta mikono. "Nitakuja, Mama," akasema, akimwangalia Bi Macho, aliyekuwa ameinamia kichupa.

Walipotoka mvua iliwakuta njiani. Wakajibanza chini ya paa la duka lililofungwa, mabega yakigusana, maji yakishuka mbele yao kama pazia. Mama akanyoosha kiganja chake, na Bi Macho akakiweka kichupa pale, akavikunja vidole vya mama yake juu yake, kimoja kimoja, kisha akavifunika kwa vyake.

"Yumo kweli?" Mama akauliza. "Sisikii kitu."

"Yumo, Mama. Amelala."

Wakanyamaza wote, wakingoja mvua ipungue.